Ukoga Usiosikia Dawa

Neno mwani linapotajwa, mawazo ya wengi wetu huelekea pwani. Huko Paje na Jambiani, kisiwani Unguja, kilimo cha mwani wa biashara kilianza mwaka 1989, na tangu hapo zao hilo limewawezesha wanawake wengi kusomesha watoto wao. Huo ni mwani wenye heri. Upo mwingine, mdogo kiasi kwamba chembe yake moja haionekani kwa macho, ambao huota katika maji yaliyotuama na kuyageuza rangi. Wanabiolojia huuita mwani vilevile. Kwetu Mathare wengi husema tu "ile kijani". Mimi nimechagua kuuita ukoga, na sababu ya uteuzi huo ndiyo kiini cha makala haya.

Barabara ya Thika hutenganisha Mathare na Muthaiga. Upande mmoja vyumba vya mabati vimebanana bondeni. Upande wa pili majumba yamejificha nyuma ya miti na nyua, na baadhi yake yana vidimbwi vya kuogelea. Mjomba wangu, mzaliwa wa Mathare, aliivuka barabara hiyo kila asubuhi kwa miaka mingi kwenda kusafisha vidimbwi hivyo. Hakuwahi kusomea kemia, lakini aliyajua maji kama mkulima anavyoujua udongo.

Kwa maelezo yake, mwenye kidimbwi aonapo maji yamekuwa kijani hukimbilia dawa. Humwaga klorini mchana wa jua kali, na kesho yake hufurahi kuona maji yameng'aa. Haipiti wiki mbili kabla kijani hakijarejea. "Mpwa wangu," alikuwa akiniambia, "ukoga hauogopi dawa, unaogopa brashi." Wala hakuwa akitia chumvi. Ukoga ulioganda ukutani hujifunika kwa ute, na klorini huua tabaka la juu huku mizizi ya ugonjwa ikibaki salama chini yake. Jua nalo huivunja klorini upesi. Isitoshe, majani yaliyooza, vumbi na jasho la waogeleaji huitumia dawa hiyo kabla haijamfikia adui, na wakati huohuo humwachia adui chakula.

Kwa hivyo mjomba alikuwa na utaratibu asioukiuka. Kwanza alipima maji, kwa maana klorini hudhoofika maji yanapozidi kuwa na magadi. Kipimo cha pH alikitaka kiwe kati ya 7.2 na 7.6. Pili, alisugua kuta, pembe na ngazi hadi maji yote yakavurugika. Tatu, alitia dawa jioni, jua likishatua, na kuiacha pampu izunguke usiku kucha. Asubuhi alifyonza mashapo yaliyotulia chini na kusafisha mchanga wa chujio, ambamo ukoga hupenda kujificha.

Hata wenye fedha na wataalamu huumbuliwa na ukoga. Wakati wa Michezo ya Olimpiki ya mwaka 2016 mjini Rio de Janeiro, kidimbwi cha mchezo wa kupiga mbizi kiligeuka kijani mbele ya macho ya ulimwengu. Ilielezwa baadaye kwamba lita 80 za haidrojeni peroksaidi zilikuwa zimetiwa majini kimakosa, nazo zikaifisha nguvu ya klorini. Dawa iliua dawa, na ukoga ukapata nafasi.

Mwaka uliofuata, 2017, elimu ya mjomba ilihitajika upande wetu wa barabara. Kiwango cha maji katika bwawa la Ndakaini kilikuwa kimeshuka, na mgao wa maji ukatangazwa jijini Nairobi. Isitoshe, kipindupindu kilizuka mwaka huohuo. Katika ploti yetu familia kumi na mbili zilitegemea tangi moja la lita 1,000, jeupe, lililopitisha mwanga na kukaa juani kutwa. Kuta zake ziliota utando wa kijani unaoteleza. Tulitia dawa ya kutibu maji, na kila mara kijani kilirudi. Ukoga wa aina hiyo si lazima wenyewe ulete ugonjwa. Hatari ni kwamba huimaliza klorini, na viini vya maradhi hupata pa kujibanza.

Wakazi wakanitaka niandike maagizo ya kubandikwa kando ya tangi, maadamu nilikuwa nikisoma Kiswahili chuoni. Karatasi tuliyokuwa nayo iliandikwa Kiingereza na ilianza kwa amri nyepesi: mwaga maji yote. Ni amri nyepesi kwa aliye na bomba lisilokauka. Kidimbwi cha urefu wa meta 8, upana wa meta 4 na kina cha meta 1.5 huchukua lita 48,000, yaani mitungi 2,400 ya lita 20. Tangi letu lilikuwa limebaki na robo tu, mitungi kumi na miwili na nusu. Lakini kuimwaga kulimaanisha kila familia kupoteza mtungi mmoja. Mama mmoja alinikabili: "Mwanangu, maji haya nimeyapangia foleni tangu alfajiri, na leo wataka niyamwage?" Sikuwa na jibu la kitabuni.

Jibu lilitoka kwa mjomba. Tungoje mkesha wa siku ya mgao wetu. Maji yaliyobaki yagawiwe kila mlango kwa kufulia na kupigia deki, yasinywewe. Kisha tangi lilazwe ubavu, lisuguliwe, lisuuzwe kwa dawa na kufungwa turubai jeusi, kwa kuwa pasipo mwanga ukoga hauoti. Hakuna tone lililopotea bure.

Ilibaki kuandika. Nilipoandika "mwani", jirani mmoja aliuliza kama ni kitu cha baharini. Nilipoandika "ukoga", hapana aliyeuliza. Kila mtu aliyewahi kupitisha ulimi kwenye meno yake asubuhi anajua ukoga ni nini: utando unaoganda, unaoteleza, na usiotoka kwa kusukutua bali kwa mswaki. Tangazo likawa fupi: "Ukoga wa tangi ni kama ukoga wa meno. Sugua kwanza, tia dawa baadaye, kisha funika." Neno lenyewe lilikuwa limebeba tiba ndani yake.

Nionavyo, hapo ndipo penye kazi yetu wanafunzi wa Kiswahili. Istilahi hutufaa darasani, na mwani utabaki kuwa istilahi sahihi ya biolojia. Hata hivyo, usahihi wa kamusi hautoshi pale msomaji anapotakiwa kushika brashi. Hatuna budi kutafuta neno ambalo mkono wa msomaji tayari unalijua.

Waama, neno pekee halileti maji. Mashine za kuuza maji kwa kadi zilipowekwa Mathare mwaka 2015, lita 20 ziliuzwa kwa senti 50, na hiyo ilikuwa nafuu kubwa. Lakini maji yanayokuja kwa zamu hulazimu kuhifadhiwa, na kila maji yanayohifadhiwa huualika ukoga. Muthaiga ukoga hukatiza mchezo wa watoto. Mathare huingia katika kikombe chao. Mpaka siku bomba litakapotiririka kila siku bondeni, tangi litahitaji turubai, brashi, na mtu wa kueleza kwa lugha ya wenye tangi kwa nini dawa peke yake haitoshi.