Chakula ao Dawa?

Swali la kwanza nililoulizwa bandarini Kalemie halikuwa la jina wala la pasipoti. Nilikuwa ndiyo kwanza nashuka kwenye boti ya mizigo kutoka Kigoma, kwapani nina kopo la unga wa muarobaini, zawadi ya shangazi kwa mkwe wake wa Niemba. Mkaguzi alilitikisa, akanusa mfuniko, akauliza: "Hii ni chakula ao dawa?"

Wakongo husema "ao" pale sisi tunaposema "au". Nikamjibu kwamba kwetu watu huchemsha wakanywa. Jibu halikumsaidia. Bidhaa zinazoingia nchini hupitia OCC, ofisi ya udhibiti wa bidhaa, lakini dawa zina mamlaka nyingine, kwa hiyo kopo langu lilikuwa limesimama kati ya milango miwili. Mwishowe akaona ni moja tu, si la biashara, akanirudishia.

Niemba iko magharibi mwa Kalemie, kwenye reli iendayo Kabalo, iliyokamilishwa mwaka 1915 enzi za Wabelgiji. Mto ulio jirani ni Lukuga, unaoyachota maji ya Ziwa Tanganyika na kuyapeleka Lualaba. Mtu wa Kigoma huyaona haya kwa mshangao kidogo. Ziwa tunalolitazama kila jioni jua likizama, kumbe lina mlango wa uani, na maji yake yanaishia Bahari ya Atlantiki.

Sokoni Niemba mambo mengi ni ya nyumbani ila yamebadili majina. Mawese ni yaleyale, lakini ugali ni bukari, kisamvu ni sombe. Lililonisimamisha ni neno kinini. Kidonge chochote, hata cha kichwa, huku ni kinini, jina lililobaki kutoka kwinini. Mti wake, sinkona, ni wa milima ya Amerika ya Kusini. Wabelgiji waliupanda Kivu, na kiwanda cha Pharmakina kule Bukavu kilijulikana kwa kutoa kwinini kwenye magome ya mti huo. Basi dawa iliyokamuliwa kutoka mti wa ugenini imevipa vidonge vyote jina.

Mama mmoja alikuwa ametandaza majani makavu ya mlonge juu ya gunia. Nikamuuliza swali la yule mkaguzi. Hakusita: "Ukipika na karanga, ni mboga. Ukichemsha yenyewe, unywe asubuhi, njo dawa."

"Dawa ya nini, mama?"

"Ya mwili."

"Na isiponifaa?"

"Unarudi hapa. Miye niko hapa kila siku."

Hatua chache kutoka hapo, kwenye butika, ilisimama chupa ya plastiki yenye picha ya mzizi na maandishi ya Kifaransa. Nilihesabu: moyo, sukari, mgongo, kumbukumbu, nguvu za kiume. Kijana wa butika hakujua ilitoka nchi gani. Aliinunua Kalemie, kwa mtu aliyeinunua kwingine. Nilizitazama bidhaa zile mbili kwa muda. Mama, ambaye hakuna aliyemkataza kusema, alikuwa amedai machache kuliko chupa.

Kwetu Tanzania milango imetenganishwa zaidi. Hadi 2019 chakula na dawa vilikuwa chini ya mamlaka moja, TFDA. Kisha chakula kikahamia TBS, shirika la viwango, dawa zikabaki kwa mamlaka ileile, iliyobadilishwa jina kuwa TMDA. Tiba asili ina sheria yake, Namba 23 ya mwaka 2002, na baraza lake. Hata hivyo nisijisifu mno. Mei 2020 ndege yetu ilikwenda Madagaska, na waziri ndani yake, kuleta kinywaji cha pakanga kilichonadiwa na rais wa kule kuwa kinga na tiba ya korona, huku Shirika la Afya Duniani likiomba kwanza kifanyiwe majaribio. Siku ile hatukuuliza kama ni chakula au dawa.

Mkwe wa shangazi ana binti Brussels, anayetamani kupeleka majani na unga wa huku akauze. Ameambiwa kwamba chakula ambacho Umoja wa Ulaya haukukila kwa wingi kabla ya 15 Mei 1997 huhesabiwa kipya. Nilicheka: ubuyu tuliomung'unya shuleni ulikuwa "mpya" huko mpaka ulipokubaliwa 2008. Tangu 2018 kuna njia nyepesi kidogo: uonyeshe kwamba watu wa kwenu wamekila salama kwa miaka 25. Hapo yule mama wa gunia angekuwa shahidi mzuri kuliko maabara nyingi.

Kula ni jambo moja, kusifu ni jingine. Lebo ya kirutubisho huko hairuhusiwi kusema kinaponya ugonjwa. Sheria ya 2006 inakwenda mbali zaidi: hata jina la kibiashara likisikika kama sifa ya kiafya, lazima liambatane na dai lililoidhinishwa. Muarobaini ungekwama langoni. Kopo halijafunguliwa, jina limeshatangaza magonjwa arobaini.

Mkwe aliona huo ni ukali usio na maana. Mimi nilikuwa bado naiwazia ile chupa. Brussels hakuna wa kumrudia kesho asubuhi mlonge usipofaa. Aliyeusifu yuko ng'ambo ya bahari. Labda ndiyo maana wameifunga lebo mdomo.

Niliporudi Kigoma, ofisa alichomoa kwenye begi langu kifurushi cha yule mama.

"Majani ya nini haya?"

"Mlonge. Aliyeniuzia alisema nipike na karanga."

"Basi ni mboga," akasema, akaandika.

Sikumwambia ile nusu nyingine ya maneno ya mama.