Mkia wa Nguva Umelala

Saa mbili usiku, nikishafunga kibanda na kulinganisha floti na daftari, simu hulia na salamu ni ile ile: "Maji yakoje?" Anayewahi kuuliza huwa kijana wa Goma, mtu anayeishi kando ya Ziwa Kivu, ambako maji hayapwi wala hayajai. Nami humjibu kama yalivyo. Bamvua. Maji mafu. Yameanza kupwa. Baada ya hapo tunaanza kuonyeshana mazimwi.

Nimezaliwa Salale, ndani kabisa ya delta ya Rufiji, na sasa ni wakala wa pesa Kibiti mjini. Kibanda changu hakiko mbali na stendi, pale mabasi ya Kusini yanaposimama na vijana wakakimbilia madirishani na korosho. Kati ya mteja na mteja nachora kwenye simu, kwa programu ya ibisPaint, zamani kwa kidole, siku hizi kwa kalamu ya skrini. Nachora visivyoonekana: chunusi anayevuta waogaji mtoni, kinyamkela anayepita na vumbi la mchana, majini wanaokaa mibuyuni, miji iliyojengwa juu ya mizizi ya mikoko. Sijawahi kuuza mchoro hata mmoja, na sikuanza kwa nia hiyo. Katika kundi letu la wachoraji wa mazimwi tuko kumi na wawili. Yupo mwalimu wa shule ya msingi Mombasa, yupo fundi umeme wa Muscat ambaye babu yake alitoka Unguja, yupo mama mmoja aliyeko Minnesota ambaye hushika kalamu watoto wakishalala. Majina yao halisi nayajua matatu tu. Mikono yao naijua yote; nipe mstari mmoja wa mgongo wa joka nikwambie kauvuta nani.

Mchoro wangu wa kwanza kuutuma humo ulikuwa wa nguva. Nilimchora kama nilivyomwona kwenye filamu: nywele ndefu nyekundu, kiuno chembamba, magamba ya kijani, mkia umesimama kama wa changu. Nilikesha juu yake siku nne. Yule mwalimu wa Mombasa, ambaye sote tunamwita Dada, aliandika: "Mzuri, mashallah. Lakini huyu nguva ni wa kwenu?"

Swali hilo lilinikaa. Wiki ile nilikuwa na safari ya nyumbani, nikapanda boti Nyamisati, na jioni nikamwonyesha Baba. Baba amevua kamba na samaki katika milango ya Rufiji zaidi ya miaka arobaini. Alitazama, akarudisha simu, akanyoosha kiganja chake juu ya mkeka, ubavu wa mkono ukigusa ukindu. "Huu mkia wa samaki, umesimama." Kisha akakilaza kiganja, kikatazama chini. "Huu ndio wa nguva. Umelala. Anapiga maji juu na chini, kama pomboo." Akaendelea bila kuulizwa. Matundu ya pua yana vifuniko, akizama anayafunga. Mdomo ni mpana na umejaa vinyweleo vigumu, kwa kuwa anakula nyasi za baharini na anazitafuta kwa mdomo. Hana magamba, ngozi yake nene na ina mikunjo shingoni. Maziwa yake yako kwapani, na mtoto ananyonya huko. Kwa muda wote aliofanya kazi Baba amewaona wawili, wote wamenasa kwenye jarife. Wa kwanza walimfungua akaondoka. Wa pili hakunisimulia, nami sikumsukuma.

Niliporudi Kibiti nilianza upya. Lugha yetu ina neno moja, nguva, kwa mnyama yule na kwa mwanamke wa baharini, na mimi nilikuwa nimeacha neno langu mwenyewe nikaenda kuazima sura ya mbali. Nguva wangu wa pili ana uso wa mtu mzima aliyechoka kidogo, midomo mipana yenye vinyweleo, mikunjo mitatu ya shingo, mtoto kwapani. Watu wa nchi tano walijadili mikunjo ile kwa siku tatu: ivutwe chini kwa uzito au isukumwe juu na maji? Fundi wa Muscat alishauri niitazame shingo ya bibi yangu akiwa anaoga mtoni, kwa sababu maji hubeba ngozi kama yanavyobeba kitambaa. Alikuwa sahihi. Desemba 2022 mama wa Minnesota alituletea habari kwamba IUCN imewaorodhesha nguva wa Afrika Mashariki katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka, na waliokomaa hawafiki 250. Siku ile hakuna aliyetuma joka. Kila mtu alichora nguva, wengine kwa penseli kwenye karatasi ya daftari, wakapiga picha wakatuma.

Watu hudhani anayechora visivyokuwepo amesamehewa kujua vilivyopo. Mimi nimeona kinyume chake, na tope ndilo lililonifundisha. Kijana wa Goma aliwahi kuchora jitu likitembea chini ya mikoko, na nyuma yake nyayo safi, moja moja, kama mchangani. Jitu lilikuwa la kutisha kweli, lakini nilishindwa kuliogopa. Nilimwandikia: tope la delta halitunzi unyayo. Mguu unazama mpaka gotini, ukiutoa linajifunga na kubaki kishimo chenye maji na povu. Nikamweleza kwamba hata mizizi haifanani. Mkoko unasimama kwa miguu iliyopinda kama mpagazi aliyetua mzigo kidogo apumue. Mchu unatoa vidole vyembamba juu ya tope, maelfu, vimesimama kama penseli. Vya mlilana ni vinene, kama vigingi, na wavuvi huvichonga maboya. Delta yetu ina aina nane za miti hii na kila moja ina pahala pake kutoka baharini kuja nchi kavu. Alitaka picha. Nikamwambia asubiri maji yapwe, maana nilikuwa Salale na maji yalikuwa yamejaa hadi chini ya matawi. Alisubiri saa tano. Hapo ndipo ilipozaliwa ile salamu.

Yeye naye hakuniacha hivi hivi. Nilipotuma popo mkubwa mwenye uso wa mtoto, alijibu kwa Kiswahili cha kwao: "Hiyo popo yako iko na mabawa, lakini haina bega." Tulikaa hadi saa saba usiku akinichorea mifupa juu ya mchoro wangu, kwenye leya nyekundu, jinsi bawa la popo lilivyo mkono wenye vidole virefu na jinsi msuli unavyoanzia kifuani. Tangu siku hiyo siwezi kumtazama popo juu ya mwembe bila kumtafuta kiwiko.

Kuna kazi moja iliyotuchukua muda kuliko zote. Nilitaka kumchora Kinjikitile Ngwale. Habari zake kwetu tunazikuta tukiwa wadogo: mganga wa Ngarambe aliyechukuliwa na pepo Hongo, akaingia bwawani, ndugu wakamtafuta wasimpate, na siku ya pili yake akatoka nguo zikiwa kavu. Wajerumani walimnyonga Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita vya Maji Maji ndiyo kwanza vinaanza. Nilikwama kwenye zile nguo. Mtu anayetoka majini akiwa mkavu anachorwaje? Ukimwacha mkavu tu, anaonekana amesimama mbele ya bwawa, hajaingia. Ukiweka matone, umeharibu kisa chenyewe. Dada wa Mombasa alisema kitambaa kilicholowa hung'ang'ania mwili, basi hiki kipeperuke. Wa Goma akasema matone yaweke juu ya kila kitu, majani, mawe, ndevu za mzee anayetazama, isipokuwa juu yake. Fundi wa Muscat alikaa kimya siku mbili kisha akaandika maneno mawili: "Vumbi begani." Nikaelewa mara moja. Mtu huyu bado ana vumbi la njia aliyopita jana kabla ya kuzama. Niliichora hivyo. Maji yamefika kwenye ugoko, kitambaa kimeshika upepo, na begani vumbi jekundu halijaguswa. Ndiyo kazi ninayoipenda kuliko zote nilizofanya, na kilichomo ndani yake kilicho bora si changu.

Hatujakutana hata siku moja. Nimeulizwa na ndugu zangu urafiki gani huu, wa watu wasiojuana wake wala waume zao, na sipendi kuulizwa kana kwamba nimepungukiwa. Ndani ya delta tunaufahamu urafiki wa aina hii. Majahazi yakikutana mlangoni mwa mto kungoja maji, watu hupeana moto, chumvi, habari za upepo, husaidiana kushona tanga, kisha kila mmoja anashika mkondo wake. Hakuna anayemlaumu mwenzake kwa kutomfuata nyumbani.

Aprili 2024 mafuriko yalipozamisha mashamba na nyumba Rufiji na Kibiti, nami nikiwa sijui wazazi wamelala wapi, sikuandika neno kundini kwa siku sita. Tarehe 4 Mei kimbunga Hidaya kikatua Mafia, ng'ambo yetu tu, na barabara ya Kusini ikakatika maeneo ya Somanga. Stendi ikawa kimya, korosho zikabaki kwenye beseni. Nilipofungua kundi sikukuta maswali mia ya kunibana. Nilikuta michoro sita, mmoja kwa kila siku niliyonyamaza, mtumbwi ule ule ukipokezanwa kutoka mkono hadi mkono: Dada kachora ubao, Muscat kachora mlingoti, Minnesota kachora taa. Hakukuwa na maelezo yoyote. Nililia kibandani mpaka mteja akaniuliza kama muamala wake umekwama.

Kisha ikawa zamu yake yule kijana. Mwishoni mwa Januari 2025 waasi wa M23 walipoingia Goma, jina lake likazimika. Hapo niliuona uzito wa kutojua jina halisi la mtu: hatukuwa na ndugu wa kumpigia, hatukuwa hata na mtaa. Tulifanya walichonifanyia mimi. Kila usiku mmoja wetu aliandika "Maji yakoje?" na mwingine akachora kipande cha mtumbwi. Mtumbwi ulikuwa umefika mbao hamsini na kitu aliporudi. Hakusema alikuwa wapi. Alituma mlima wenye moto, na juu ya mlima ndege asiye na macho, na Dada wa Mombasa akamwambia kivuli cha bawa la kushoto kimeelekea upande usio wake. Akakirekebisha. Kuna watu wataona Dada alikosa utu. Mimi nilikuwapo, na najua hakuna neno lingine ambalo angeweza kulipokea usiku ule.

Mwaka 2017 jina la Kibiti lilisikika nchi nzima kwa mauaji ya viongozi wa vijiji na askari. Kwa muda mrefu nikimtajia mtu nilikotoka, uso wake ulibadilika kabla sijamaliza. Hawa kumi na moja waliijua Kibiti kwanza kwa nguva mwenye mikunjo shingoni na kwa tope lisilotunza unyayo. Ni jambo dogo, na nalishika kwa mikono miwili.

Baba nilimwonyesha nguva wa pili mwaka huu, skrini ikiwa na ufa pembeni. Alimtazama kwa muda mrefu kuliko wa kwanza. Alikigusa kichwa cha mtoto kwapani kwa ncha ya kidole, picha ikakua ghafla, akashtuka, akaniuliza kama amemharibu. Nikamrudishia. Akasema mtoto ni mdogo mno, aongezwe kidogo.

Jumamosi naenda Salale kumwongeza mtoto mbele ya Baba mwenyewe, na fundi wa Muscat anataka picha za vigingi vya mlilana kwa ajili ya mji anaoujenga. Nimemwambia ni bamvua, maji yatatoka mbali, avumilie hadi asubuhi.