Ukuta Mmoja, Nyumba Mbili

Wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii tumeizoea tangu utotoni. Tumeiandikia insha shuleni, na aghalabu tumeitumia kumkanya mtu mvivu. Hata hivyo, ni mara chache tumejiuliza swali moja dogo: ufa huo huonwa kwanza na nani? Mwenye nyumba huuona upande wake tu wa ukuta. Upande wa pili uko mbele ya macho ya jirani. Kwa hiyo, pale ambapo nyumba mbili hutegemea ukuta mmoja, huenda mtu wa kwanza kutuonya kuhusu ufa asiwe yule anayelala chumbani mwetu, bali yule anayelala nyuma ya chumba chetu. Onyo lake hutufikia kwa jina lisilopendeza, nalo ni lalamiko.

Katika insha hii tunakusudia kulizungumzia lalamiko la jirani wakati nyumba inapotengenezwa. Tutalizungumzia hasa katika Mji Mkongwe wa Unguja, ambako sisi wenyewe tumeishi na kutengeneza nyumba. Nyumba za huko zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, mchanga na udongo mwekundu. Dari zake hubebwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio uliokadiria upana wa vyumba. Kuta ni nene, aghalabu nusu mita au zaidi. Juu ya yote hayo, nyumba nyingi zimeungana ubavu kwa ubavu, hata ukuta wa huyu ukawa ndio ukuta wa yule, na vichochoro baina yake ni vyembamba kiasi cha watu wawili wenye mizigo kupishana kwa shida. Katika mji wa namna hiyo hakuna nyundo inayopigwa katika nyumba moja tu.

Mji huu uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, na tangu mwaka 1985 ipo mamlaka ya serikali iliyopewa kazi ya kuuhifadhi. Mwenye nyumba anayetaka kulibadili jengo lake hana budi kupata idhini. Lakini idhini ya mamlaka haimwondolei mtu wajibu wa kutafuta radhi ya jirani. Kwa desturi ya mji, kabla kazi haijaanza, mzee wa nyumba huzunguka baada ya sala ya alasiri akapiga hodi katika kila nyumba inayopakana na yake. Haendi kuomba ruhusa, maana nyumba ni yake. Huenda kueleza kazi itaanza lini, ukuta gani utaguswa, kifusi kitapitishwa wapi, na mafundi watakuwa wangapi. Nasi tulifanya hivyo. Tulipokewa kwa kahawa, tukaombewa dua, na hakuna jirani aliyetia neno la kupinga. Hata hivyo, juma la pili malalamiko yalianza.

Hapa yafaa tutofautishe mambo matatu ambayo lugha yetu imeyapa majina matatu: manung'uniko, malalamiko na mashtaka. Manung'uniko husemwa barazani, na kila mtu huyasikia isipokuwa yule anayehusika. Malalamiko husemwa mlangoni, uso kwa uso. Mashtaka husemwa mbele ya mkubwa. Watu wengi huchukia malalamiko na kudhani kwamba manung'uniko ni nafuu kwa kuwa hayawafikii. La hasha! Jirani anayekuja mlangoni bado anatutegemea sisi tuliondoe lile linalomuudhi. Jirani aliyenyamaza amekwisha kukata tamaa nasi, na safari yake ya pili ni kwa sheha. Tena, huku pwani lalamiko huenda lisije kwa maneno ya wazi. Huja kwa salamu iliyofupishwa, kwa sahani iliyorudishwa tupu, au kwa kanga iliyochaguliwa kwa ajili ya maandishi yake na kuvaliwa siku ya kupita mbele ya mlango wetu. Mtu aliyelelewa katika utamaduni huu hujifunza kuzisoma dalili hizo, naye hulitoa lalamiko gizani kwa kuuliza mwenyewe, "Jamani, kazi yetu haikuudhini?"

Malalamiko ya kwanza yalihusu kelele. Nyumba ya mashariki alikuwamo mzazi aliyejifungua karibuni, na sauti ya tindo juu ya jiwe ilimwamsha mtoto kila alipolala. Tulikaa na fundi mkuu tukapanga upya siku: kazi za kugonga zifanywe asubuhi, na baada ya adhuhuri mafundi wachekeche mchanga, wachanganye chokaa na kupaka. Kazi haikupungua, ila ilihamishwa saa. Malalamiko ya pili yalihusu vumbi na kifusi kichochoroni. Tulitundika turubai lililoloweshwa maji upande wa upepo, na kifusi kikawa kinabebwa kwa makarai hadi kwenye mkokoteni kila jioni kabla ya magharibi, ili wapitao kwenda msikitini wasichafuke. Mambo haya mawili ni mepesi. Yanahitaji usikivu kuliko fedha.

Lalamiko la tatu lilikuwa gumu zaidi, kwa sababu lilikuwa la haki na hata hivyo halikuwezekana kutimizwa kama lilivyotakwa. Majirani walisema kazi inachelewa mno. Tulikuwa tumeanza wakati wa kaskazi ili tumalize kabla ya masika ya mwezi wa Machi, na wiki zilikuwa zinapita. Mmoja wao akauliza, "Kwa nini msipige lipu ya saruji mkamaliza kwa siku tatu?" Swali hilo lilistahili jibu la kweli. Chokaa hukauka polepole, na kila tabaka hungoja tabaka la chini yake lishike. Lakini ukuta wa matumbawe una unyevu na chumvi ndani yake, nao hupumua kupitia chokaa. Saruji ni ngumu na huziba. Unyevu uliozuiwa upande mmoja hautoweki, bali hubaki ukila moyo wa ukuta, au hutafuta njia ya kutokea upande wa pili. Na upande wa pili wa ukuta wetu ulikuwa ni chumba cha muulizaji mwenyewe. Tulimchukua tukamwonyesha mahali ambapo saruji ya zamani ilikuwa imebanduka na jiwe la chini yake likawa unga. Alilishika kwa vidole, akatikisa kichwa, na tangu siku hiyo yeye ndiye aliyekuwa akiwaeleza wengine kwa nini tunachelewa. Basi, kulishughulikia lalamiko si lazima kuwa ni kulitii. Wakati mwingine ni kumfungulia mtu mlango aone kile tunachokiona sisi.

Wakati mwingine mambo hugeuka, na sisi ndio tunaohitaji kuona kile anachokiona jirani. Siku moja, baada ya mvua ya ghafla ya usiku, bibi wa nyumba ya kusini alituma mjukuu kutuita. Tulimkuta sebuleni mwake ameketi kuelekea ukutani.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, wanangu. Kazi yenu ni njema na Mungu aijaalie. Lakini ukuta wangu unalia."

Kweli maji yalikuwa yakichuruzika katikati ya ukuta, mbali na dari na mbali na sakafu. Fundi mkuu, mtu mwenye ujuzi mwingi, alisema kwa adabu, "Bibi, unyevu huu ni wa zamani."

"Zamani ipi, baba? Mimi nimeolewa katika nyumba hii. Zamani naijua."

Kisha akatueleza jambo ambalo hapana aliyelijua. Wakati wa ujana wake paa la nyumba yetu lilikuwa bapa, na maji ya mvua yalipita katika mlizamu uliotoboa ukuta wa pamoja, yakateremkia birika la uani kwake. Ulikuwa ni mpango wa nyumba mbili zilizogawana maji. Baadaye paa liliezekwa mabati ya mteremko, birika likafukiwa, na tundu la mlizamu likapakwa chokaa juu juu. Sasa mafundi walipoyaondoa mabati ya upande ule, maji ya mvua yaliipata njia yao ya kale. Tulipofukua mahali alipotuonyesha, tuliukuta mlizamu, na kandokando yake boriti mbili ambazo vichwa vyake vilikuwa vimeoza ndani ya ukuta. Kwa upande wetu boriti hizo zilionekana nzima. Lau bibi yule angalinyamaza kwa haya, tungalipaka chokaa nzuri juu ya boriti zilizooza, na watoto wangalilala chini yake.

Jambo hili si la mzaha. Tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya jumba la Beit al-Ajaib, lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, iliporomoka wakati jumba hilo likiwa katika matengenezo, na watu wawili wakapoteza maisha yao. Majengo ya mawe na chokaa yana siri ndani ya kuta zake, na mtu anayeyatengeneza anahitaji kila jicho na kila kumbukumbu atakayoweza kuipata. Kumbukumbu hiyo haimo yote katika ramani. Nyingine imo katika vichwa vya wazee wanaoishi ng'ambo ya ukuta.

Msomaji asidhani kwamba tunasema kila mlalamikaji ana haki. Jirani mmoja alidai kwamba nyundo zetu zimempasulia ukuta, akataka alipwe. Hatukubishana naye kichochoroni. Tulimwomba sheha aje, naye akaja pamoja na mwashi mzee asiyekuwa na kazi kwetu. Mwashi aliuchunguza ufa kwa taa, akatuonyesha sote kwamba ndani yake mlikuwa na vumbi jeusi la miaka na tabaka za chokaa ya kupakia. Ufa mpya huwa mweupe na safi, kwa kuwa hakuna brashi iliyopata kuingia humo. Dai likafa hapo, na hakuna aliyetukanwa. Kisha mafundi wetu waliuziba ufa ule bila malipo, kwa kuwa chokaa ilikuwa tayari na ukuta ulikuwa ni wetu sote. Haki ilitangulia kubainishwa, wema ukafuata. Kama tungalianza kwa kulipa ili tu kununua utulivu, tungalimfundisha jirani kwamba kelele ni biashara. Na kama tungaliishia kwenye kushinda tu, tungalibaki na ukuta mzima na ujirani uliopasuka.

Pengine msomaji wa bara atasema kwamba nyumba yake haikushikana na ya mtu. Hata hivyo, mambo ni yale yale. Katika nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo au Ujiji, yenye ukumbi katikati, vyumba pande mbili na ua nyuma, kuongeza chumba kimoja uani huweza kuziba upepo wa jirani, kugeuza mkondo wa maji ya mvua, au kufungua dirisha linalotazama mahali anapoogea. Ndiyo maana taifa letu limejitahidi kuweka vyombo vya kusikiliza watu karibu na milango yao: balozi wa nyumba kumi tangu miaka ya 1960, na mabaraza ya kata kwa sheria ya mwaka 1985. Tangu marekebisho ya mwaka 2021, katika migogoro ya ardhi baraza la kata haliamui tena bali husuluhisha. Sheria yenyewe, basi, imekiri kwamba mambo ya mpaka na ukuta hutulia zaidi kwa kupatana kuliko kwa hukumu. Lakini vyombo hivyo ni vya hatua ya tatu. Hatua ya pili, ile ya mlangoni, haina ofisi wala muhuri, na ni juu yetu wenyewe kuilinda.

Mwanafunzi atakayesoma insha hii huenda hana nyumba ya kutengeneza. Anaye, hata hivyo, jirani wa dawati na jirani wa kitanda bwenini, na humo ndimo tabia hii hufunzwa: kutoa habari kabla ya kuanza jambo litakalomgusa mwenzako, kumwendea aliyenuna kabla hajaenda kwa mkubwa, kumsikiliza hadi mwisho, kisha kwenda kusimama mahali anaposimama yeye na kutazama. Utamaduni wa taifa haumo katika ngoma na mavazi peke yake. Umo pia katika namna tunavyoitikia mtu anapotujia asubuhi na kutuambia kwamba ukuta wake unalia.