Kuunganishwa Si Kuonana

Wapenzi wa lugha, kitenzi "ona" ni kifupi, lakini kina watoto wengi: onwa, onea, onyesha, onekana, onana. Kwa miaka mingi niliwafundisha wanachuo wa ualimu kauli hizi kwa mifano ya shambani na sokoni. Leo ningeongeza mfano wa kompyuta mbili zilizomo katika nyumba moja.

Marehemu mke wangu aliacha kipakatalishi chenye gigabaiti 14 za sauti yake akighani tungo zake, na baadhi ya tungo hizo hazijaandikwa popote. Matundu ya flashi yamekufa, betri haishiki chaji, na kupeleka mzigo huo kwa intaneti kungemaliza bando langu mara kadhaa. Ilibaki njia ya ruta iliyopo sebuleni. Data inayopita kati ya kompyuta mbili za ndani haitoki nje ya nyumba, hivyo haili bando hata chembe.

Nilianza na "unga". Mashine zote mbili ziliunganishwa kwenye ruta, nayo ikazigawia anwani: 192.168.1.4 na 192.168.1.7. Anwani zinazoanza na 192.168 zimetengwa kwa mitandao ya ndani. Jirani yangu aweza kuwa na zile zile na zisigongane, kama ambavyo kila nyumba ina mtu aitwaye "mama" na hakuna mtoto anayechanganyikiwa. Hata hivyo, nilipofungua orodha ya kompyuta za mtandao wetu, niliiona yangu peke yake.

Hapo ndipo viambishi vilipodai haki yao. Ndani ya "unganishwa" mna kauli tatu: kutendana, kutendesha na kutendwa. Ya mwisho ndiyo inayotawala: kuna mwingine, yaani ruta, aliyeziunganisha. "Onana" haina mtu wa tatu. Haitimii mpaka kila upande uwe tayari kuona na kuonekana.

Nikajaribu ping, programu ndogo iliyoandikwa na Mmarekani Mike Muuss mwezi Desemba 1983, ambayo jina lake linaiga mlio wa sonari, chombo kinachotafuta vitu chini ya maji kwa sauti. Hupeleka ujumbe mfupi kwenye anwani na kusubiri jibu. Sisi tungeiita hodi. Sikujibiwa, lakini aliyelelewa na adabu za hodi anajua kwamba kimya si ushahidi kuwa nyumba haina mtu. Kompyuta huweza kuzuiwa na kinga yake isijibu, ilhali iko hai.

Sababu ilikuwa mpangilio mmoja. Windows hutaka kujua kama mtandao ni wa hadharani au wa faragha. Ukiwa wa hadharani, kama ule wa hotelini, mashine hujificha. Kipakatalishi kile kiliuchukulia mtandao wetu kuwa wa hadharani, kikajifunika ushungi nyumbani kwake. Nilibadili mpangilio uwe wa faragha, kisha nikawasha kile ambacho kwa tafsiri ya neno kwa neno kingeitwa "ugunduzi wa mtandao". Jina hilo halinitoshi. Ugunduzi ni wa upande mmoja, na kinachogunduliwa hakiulizwi. Swichi hii huiruhusu kompyuta kuziona nyingine na kuonekana nazo. Kiswahili kina neno lake tayari: kuonana.

Dakika chache baadaye jina alilokipa kipakatalishi chake, TUNGO, likatokea kwenye orodha yangu.

Lakini kuonekana si kukaribisha. Folda hubaki imefungwa mpaka mwenyewe aitoe kwa wengine. Wengi huandika "shiriki folda", nami kila mara hushtuka, kwani mtu hushiriki katika jambo. Folda tunawashirikisha wenzetu. Kiambishi kimoja kikiondoka, mtoaji naye hatoweka? Tena akaunti ya marehemu haikuwa na nywila, na kwa kawaida Windows huikatalia akaunti ya namna hiyo kuingiwa kutoka kompyuta nyingine. Mlango usio na kufuli ndio usiofunguka kwa mgeni wa mbali. Niliiwekea nywila, nikaandika mikwaju miwili iliyolalia nyuma, jina la kompyuta, mkwaju mwingine, na jina la folda. Nikaulizwa mimi ni nani, nikajitambulisha, nikaingia.

Sauti zote zilihama kwa muda wa saa mbili hivi. Nilifungua ya kwanza kuhakiki kama imefika nzima. Akakohoa kidogo kabla ya kuanza, kama alivyozoea, kisha akaghani. Sasa ninaziandika beti kwa beti, na palipo na neno la kwao nisilolijua, humpigia simu dada yake.

Kwa watunzi wa istilahi miongoni mwenu naleta mapendekezo matatu: hodi kwa ping, kuonana kwa ile swichi, na kushirikisha kwa kutoa folda. Wenye maneno bora zaidi na wayalete. Nitayapokea kwa furaha, mradi kila kiambishi kifanye kazi yake.