Kina Mwajuma wa Darasa Letu

Vuta mkeka, chai ya mchaichai iko tayari, na mihogo hii ya Msanga haikawii kuiva.

Tulipoanza shule, nchi ilikuwa na haraka. Azimio la Musoma la 1974 lilitaka kila mtoto awe darasani ifikapo 1977. Basi huku kwetu, kando ya barabara ya Kisarawe kwenda Maneromango, tuliandikishwa makundi kwa makundi, wakubwa waliokwisha kuota ndevu pamoja na wadogo wenye makamasi. Kengele ilikuwa rimu ya lori iliyoning'inizwa mwembeni. Baada ya mchakamchaka, miguu ikiwa bado na umande, mwalimu alifungua daftari la mahudhurio. Kina Mwajuma tu walikuwa watatu.

Tulipofika darasa la tano, Mwajuma mmoja hakuitika. Sauti ikatoka nyuma: "Kawekwa ndani, mwalimu." Hakuna aliyeshangaa. Kwetu Wazaramo, binti akivunja ungo ni mwali. Anakaa chumbani na kufundwa mpaka siku ya kutolewa. Enzi za bibi zetu ilikuwa hata miaka. Wakati wetu ilikuwa miezi, nayo ilitosha hesabu za sehemu zimpite. Siku ya kumtoa kijiji kilinukia pilau na ubani, mdundiko ukapita njia nzima, nasi wanafunzi wenzake tulikuwa mbele tukicheza. Hatukujua kwamba tunamuaga.

Sheria ya Elimu ya 1978 ilisema mahudhurio ni lazima. Mtendaji wa kijiji alipita nyumba kwa nyumba na daftari lake, akakaribishwa kahawa, akaambiwa binti anaumwa.

Sisi wavulana tulipukutika kwa njia nyingine, isiyo na ngoma. Msimu wa korosho madawati yalibaki nusu. Wenye nguvu walikwenda kuchoma mkaa, wakafunga magunia kwenye baiskeli na kuvuka milima ya Pugu alfajiri kuelekea Dar es Salaam. Mwenzako akirudi na raba mpya na redio begani, utamwambia nini kuhusu mtihani wa darasa la saba? Nafasi za sekondari zilikuwa chache mno. Sekondari ya Minaki ilikuwa humu humu wilayani, lakini tuliisikia tu kwa sifa.

Dada yangu alinizidi kwa hesabu, mbali sana. Usiku, koroboi ikitoa moshi, yeye ndiye aliyenisahihishia. Naye aliwekwa ndani na kuchezwa ngoma ya mwali akiwa darasa la sita, hakurudi tena. Mimi nikaendelea, na jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Mengi yamebadilika. Ada ya shule ya msingi ilifutwa tena miaka ya 2000, na tangu mwishoni mwa 2021 hata binti aliyejifungua anaruhusiwa kurudi darasani. Mjukuu wa dada alichezwa likizo ya Desemba, siku mbili tu, Januari akawa shuleni. Nilishangilia kuliko wote. Ila zile nyimbo ndefu za usiku kucha hazijui, na bibi yake anazo zote kichwani.

Wanaonitia hofu sasa ni wavulana. Mkaa umeziachia nafasi bodaboda. Asubuhi za shule nawaona kijiweni, wengine hawajabalehe sawasawa, wakisubiri abiria. Mtendaji akipita tena, namwomba aanzie pale.