Tulikwenda Kutalii Kwetu

Najua nimeadimika. Mhariri alinipa likizo ya siku saba, nikaondoka Dar es Salaam bila kumuaga mtu, na tangu nirudi nimekuwa nikijiuliza nianzie wapi kuwasimulia. Ngoja nianze na picha.

Binamu yangu mmoja anaishi Ulaya. Mwaka jana yeye, mumewe na wakwe zake walipanda basi la watalii wakazunguka pwani ya Bahari ya Adriatiki. Walianzia Venice, wakashuka hadi Split na Dubrovnik huko Croatia. Picha alizitupia kwenye kundi la WhatsApp la ukoo wetu, zaidi ya hamsini kwa mkupuo mmoja. Kuta za mawe, maji ya buluu, mama mkwe kavaa kofia kubwa anakula samaki. Watu wakamiminia mioyo na makofi. Kisha binamu akauliza, bila ubaya wowote: "Na nyie huko mmetembea wapi?"

Kundi zima likapoa. Baada ya kama saa moja hivi baba mkubwa akaandika neno moja: "Musoma."

Watu wakacheka. Mimi nilicheka pia, mpaka baba aliponipigia simu usiku. Kumbe kulikuwa na jambo. Kipande chetu cha ardhi kule Majita, kando ya ziwa, kimepata mnunuzi. Mtu huyo anataka kujenga nyumba za wageni. Baba mdogo anataka tuuze, baba mkubwa hataki, na baba yangu, ambaye ni wa katikati, kama kawaida yake hasemi kitu. Walikuwa hawajazungumza vizuri kwa miezi minne. Kwa hiyo safari ya kutalii ilikuwa kisingizio cha kuwakalisha ndugu pamoja, mbele ya mama yao.

Naomba msimhukumu baba mdogo haraka. Mimi nilimhukumu, nikaja kuona aibu. Ni yeye aliyebeba gharama za hospitali babu alipougua, hadi babu alipofariki mwaka 2011. Sasa binti yake anasomea udaktari, mkopo aliopata hautoshi, na kila muhula baba mdogo anazunguka kukopa. Mtu wa namna hiyo ukimwambia "ardhi ya mababu haiuzwi", anayo haki ya kukuuliza: wewe umechangia shilingi ngapi?

Basi. Wa Dar tulipanda basi hadi Mwanza, tukamkuta bibi kwa shangazi, ambako amekuwa akiishi tangu awe mjane. Tukakodi Coaster. Tulikuwa watu 17, watoto sita ndani yake. Mimi nikateuliwa kuwa mwongoza watalii. Sababu? "Wewe si mwandishi wa habari, unajua kila kitu." Nami nilijiandaa kweli kweli. Nilikuwa na karatasi nne nilizochapa ofisini, zenye tarehe na takwimu. Nilimwandalia na bibi kiti cha mbele ili asikie vizuri maelezo yangu. Fikiria ujinga huo! Nilikuwa nakwenda kumweleza bibi habari za kwao.

Tulipokaribia lango la Ndabaka, mahali ambapo Hifadhi ya Serengeti inafika karibu kabisa na barabara kuu, nikasimama na karatasi yangu. Nikawaambia kuwa hifadhi hii ilianzishwa mwaka 1951, na kwamba watu wanavuka bahari kuja kuiona. Watoto hawakunisikiliza hata kidogo, walikuwa wameona pundamilia. Bibi alisubiri kelele zitulie, kisha akasema: "Hapa nilikuwa napita na dagaa kichwani."

Nikadhani sijasikia vizuri. Nikauliza dagaa gani, bibi?

Akaeleza. Alipokuwa bado mke kijana, wanawake wa kijijini kwao walikausha dagaa ufukweni, wakafunga mizigo, wakaenda kuuza mnadani Bunda na wakati mwingine kuvuka huku. Walitembea kwa kikundi kwa kuogopa wanyama. Walilala njiani kwa watu waliofahamiana nao. Fedha za dagaa ndizo zilizonunua sare ya shule ya baba mkubwa. Nilimtazama baba mkubwa, mzee wa miaka sabini na kitu, mstaafu wa serikali. Na yeye alikuwa anasikia kwa mara ya kwanza.

Bunda tulisimama kula. Mji umekua, bodaboda kila kona, maduka ya simu yamejipanga. Bibi akaomba azungushwe sokoni. Alikuwa anatafuta mti fulani waliokuwa wakipumzikia chini yake. Hatukuuona. Akasema si neno, twendeni. Lakini nilimwona amegeuka nyuma mara mbili.

Mchana tukaiacha barabara kuu kuelekea Butiama. Hapa nilijua nitatamba, maana habari za Mwalimu nimezisoma tangu shule ya msingi. Kuzaliwa Aprili 1922, mtoto wa Chifu Burito wa Wazanaki na Bi Mgaya. Mwaka 1934 akapelekwa Shule ya Mwisenge mjini Musoma, zaidi ya kilomita 30 kutoka nyumbani. Halafu Tabora, Makerere, Edinburgh, na mengine mnayajua. Ndani ya makumbusho tuliona picha, mavazi na zawadi alizopewa. Nikamkumbuka binamu yangu wa Ulaya, nikawaambia wenzangu kuwa kijana huyu wa Butiama alitafsiri mchezo wa Shakespeare na kuuita *Mabepari wa Venisi*, mwaka 1969. Kwa hiyo Venice tulishafika zamani, tena kwa Kiswahili! Wakacheka, nikajiona mwongozaji hodari.

Baba mkubwa naye akapata la kusema. Alitukumbusha Azimio la Musoma la Novemba 1974, lililoamua kwamba kijana akimaliza kidato cha sita asiende chuo kikuu moja kwa moja. Alitakiwa kwanza apite Jeshi la Kujenga Taifa na afanye kazi kwa angalau miaka miwili. Baba mkubwa alikuwa mmoja wa vijana hao. "Nilikasirika sana," alisema. "Nikaona Musoma, kwetu wenyewe, ndiko wamekwenda kunifungia mlango." Kisha akaongeza kwamba mshahara wake wa miaka ile ndio uliomsomesha mdogo wake. Alimtazama baba mdogo aliposema hivyo. Baba mdogo akatazama pembeni. Sikujua kama hiyo ilikuwa shukrani inadaiwa au ni deni linakumbushwa. Kwenye familia vitu hivi viwili vinafanana sana.

Tukaenda kaburini, Mwitongo. Mtoto wa shangazi, ana miaka tisa, akauliza swali ambalo halikuwa kwenye karatasi zangu: "Mbona hawakumzika Dar es Salaam, kwenye watu wengi?"

Nikaanza kueleza. Alifariki London, tarehe 14 Oktoba 1999, akaletwa Dar es Salaam, watu kwa maelfu wakamuaga, akazikwa hapa tarehe 23 Oktoba. Mtoto akasema, ndiyo, lakini kwa nini hapa?

Nikakwama. Bibi akajibu badala yangu. Alimuuliza mtoto kama anajua maana ya hilo neno Mwitongo. Hakujua. Hata mimi sikujua, pamoja na shahada yangu. Bibi akasema, sisi Wajita hatusemi kama Wazanaki, lakini tunasikilizana, na neno hili hata kwetu lipo, limegeuka kidogo tu. Ni mahali palipokuwa na mji wa watu zamani. Nyumba zimeanguka, watu wamehama au wamekufa, lakini ukipita unajua kwamba hapa palikuwa na wenyewe. "Wazazi wake walikuwa hapa," bibi akasema. "Sasa aende kwa nani mwingine?"

Hakusema zaidi ya hapo, na hakumtazama mtu.

Usiku ule tulilala Musoma. Wasiofika Musoma niwaambie, mji umekaa kama ulimi ulioingia ziwani, maji huku na maji huku. Tulikula sato wa kukaanga karibu na ufukwe, upepo mzuri, mitumbwi inaingia kuvua na taa zake. Ziwa letu lina ukubwa wa kilomita za mraba kama 68,800, tunaligawana na Kenya na Uganda, na maji yake hayana chumvi. Nilipiga picha nikamtumia binamu. Akajibu: "Jamani, hapo ni wapi?" Nikamwambia ni kwenu, dada.

Starehe haikudumu. Baada ya kula, wazee wakaanza. Baba mdogo alitaja bei aliyopewa, fedha ya maana kweli. Baba mkubwa akasema ardhi haipimwi kwa fedha. Baba mdogo akapandisha sauti: "Kaka, wewe una pensheni! Mimi nina mtoto anayetishiwa kuzuiwa mtihani!" Meza za jirani zikanyamaza. Binti mwenyewe, daktari wetu mtarajiwa, alikuwa pale pale, kainamisha uso kwenye sahani. Aliinuka akaenda kukaa kwenye mawe karibu na maji. Nilimfuata. Aliniambia kitu kimoja tu: "Kaka, mimi sitaki kusoma kwa kuuza makaburi. Lakini pia sitaki kuacha shule." Sikuwa na la kumjibu.

Asubuhi tukaenda Majita. Lami iliisha, vumbi likaanza, Coaster ikalalamika, lakini tukafika. Eneo lenyewe ni dogo kuliko nilivyolikumbuka. Miembe miwili, msingi wa nyumba ya babu, kaburi lake lenye saruji, makaburi mengine matatu ya wazee, na mteremko wa mchanga hadi majini ambako akina mama walikuwa wameanika dagaa. Mahali pazuri. Ukweli niuseme, hata mimi ningekuwa na fedha ningepajengea nyumba za wageni.

Bibi hakwenda kwenye kaburi la babu kwanza. Alishika mkono wangu, akanipitisha nyuma ya mwembe wa pili, mpaka kwenye kichaka. Akaniambia nifyeke. Nikaazima panga kwa jirani. Chini ya majani kulikuwa na mawe machache yamepangwa duara, madogo, kama jiko la kuchezea watoto. Akawaita wanawe wote.

"Huyu ndiye mkubwa wenu," akasema.

Hakuna aliyejua. Baba mkubwa, aliyeitwa mzaliwa wa kwanza maisha yake yote, hakujua. Alikuwapo mtoto kabla yake, wa kiume, aliyekufa kwa surua akiwa hajafikisha miaka miwili. Babu hakupenda atajwe. Bibi alinyamaza zaidi ya miaka sabini. Alituambia alikuwa anapita pale kila asubuhi akienda kuchota maji, na kwamba tangu ahamie Mwanza ndicho kitu kilichomnyima usingizi. Pale hakuna saruji wala jina. Mnunuzi angekuja na tingatinga, hakuna ambaye angejua.

Kisha akapiga magoti na kusema maneno kwa Kijita. Yalikuwa marefu. Baba na ndugu zake waliitikia, wakilia. Sisi wajukuu tulisimama kama miti. Mimi ninayelipwa kuandika maneno ya watu sikuelewa hata sentensi moja ya bibi yangu. Ilinibidi nimuulize kijana mmoja mvuvi aliyesimama karibu, naye akaninong'oneza: "Anamwambia mtoto kwamba wadogo zake wamekuja."

Niliweka zile karatasi zangu nne mfukoni na sikuzitoa tena.

Mtauliza, je, mmeuza? Hapana, lakini msidhani mambo yamekwisha. Chini ya mwembe baba mdogo mwenyewe alisema kipande chenye makaburi na miembe hakiguswi, akampigia simu mnunuzi palepale. Sehemu ya juu, mbali na maji, bado inajadiliwa, na mnunuzi bado anapiga simu. Kuhusu ada, baba yangu, yule asiyesema, alifungua mdomo kwa mara ya kwanza: kila mjukuu mwenye kazi atachangia kila mwezi. Binamu wa Ulaya amechangia muhula mzima. Mimi nimetoa kidogo ninachoweza, mnajua mishahara yetu waandishi. Miezi miwili imepita, na wawili tayari wameanza kusingizia mtandao. Tutaona.

Lile duara la mawe tumelijengea. Jina la mtoto bibi alilitaja, limeandikwa.

Na mimi nimenunua daftari. Kila Jumapili jioni nampigia bibi simu, ananifundisha Kijita. Mpaka leo nina maneno 41, na ananicheka matamshi. Ana miaka zaidi ya tisini, kwa hiyo nafanya haraka.

Wewe msomaji wangu uliyezaliwa Ilala, Sinza au Nyamagana, kwenu ni wapi? Na nani bado yu hai wa kukuonyesha kilichoko nyuma ya mwembe? Kama yupo, usingoje mnunuzi ndipo ukodi Coaster.

Haya, mhariri ananitafuta. Siku njema.