Gari Dogo na Kodi ya Uchakavu
Mtumishi anayetafuta gari hapa Tanzania huvutiwa na bei ya Japani, ilhali gharama halisi humngoja bandarini. Gari lenye umri wa miaka 8 na zaidi hutozwa ushuru wa ziada wa uchakavu. Likizidi miaka 10, mzigo huongezeka. Ndiyo maana nilichagua Toyota Passo ya cc 996: injini ndogo hutozwa ushuru mdogo, hainywi mafuta mengi, vipuri vyake vimejaa Kariakoo, na mafundi wa mtaani wanaijua. Hoja ya kulinda mazingira naiheshimu. Lakini wanaotunga kodi hiyo huendeshwa katika mashangingi yanayonunuliwa kwa fedha zetu, nasi tunaomudu magari chakavu pekee tunatozwa ufukara wetu.